Swichi ya Kumi na Nne

Bili ya Januari ilikuja imekunjwa mara mbili
kama mtu anayeficha uso.
Dola mia sita na kumi na moja.
Dorcas aliiweka mezani, kati ya siagi na chumvi,
akaitazama mpaka chai ikapoa,
kisha akasema: Ni Tobias.

Tobias ana miaka kumi na mitano.
Huoga kama anayeosha meli.
Basi mjukuu wetu akawekewa saa ya kupimia mayai,
dakika nne, halafu mlango unagongwa.
Hakubisha. Alitoka na povu masikioni,
akatutazama kama watu wa kituo cha basi.

Nami sikukaa bure.
Nilipitisha mshumaa kando ya madirisha,
ulimi wa moto ukalala chali:
upepo wa Bonavista haupigi hodi.
Nikaziba kwa soksi, kwa gazeti, kwa matusi.
Nikaipigia magoti friji, nikaisikiliza kifua.
Jirani yetu Gus Hynes alisema mita imerukwa na akili.
Husema hivyo hivyo juu ya serikali, samaki
na goti lake la kushoto.

Jumapili theluji ilipokatika tukaamua kuizima nyumba.
Yeye chumba cha chini, mbele ya sanduku la swichi,
tochi mdomoni;
mimi nje kwenye mita, kope zikigandana.
Tukapigiana kelele kupitia kidirisha.
Jiko! Imepungua? Imepungua.
Sebule! Kidogo.
Tangi la maji! Ikashuka kwa kishindo,
na Dorcas akanyamaza,
najua alikuwa akimhesabia mtoto dhambi.

Kumi na tatu zikalala.
Friji ikakata roho. Nyumba ikawa giza tupu.
Na mita ikaendelea kula,
polepole, bila haya,
kama mgeni aliyebaki kwenye sinia
wenyeji wamekwisha kunawa.

Iko moja tena, akasema. Ina maandishi.

Penseli ya marehemu baba yangu,
herufi zimesimama kama vigingi:
USIGUSE.
Alipokuwa hai tulimtii miaka arobaini.
Mitatu mingine tumemtii bila kujua.

Waya ulipita nyuma ya kabati la unga,
ukatoboa ukuta, ukazama ardhini.
Tukaufuata kwa beleshi.
Tobias alikuja bila kuitwa, akachimba bila kusema,
mpaka beleshi likagonga mbao
ubavuni mwa kilima: mlango wa ghala ya viazi.

Tulipoufungua, joto likatugusa usoni.
Joto. Mwezi wa pili. Chini ya theluji ya kimo cha mtu.
Hita ndogo, waya wake mwekundu kama jicho la mlinzi;
gunia lililokunjwa vizuri;
kiti kimoja; kikombe kimefudikizwa kisiingie vumbi.
Viazi havimo.
Vya mwisho tuliwapikia waombolezaji wake,
na tangu siku hiyo tumelipa, mwezi kwa mwezi,
ili viazi visivyokuwapo visigande.

Dorcas alicheka kwanza.
Kisha akakaa kwenye kile kiti,
glavu mapajani, hakusema neno.
Tobias ndiye aliyeuliza: Nizime, bibi?
Subiri, akajibu.
Ngoja kwanza niote pesa zangu.

Bili ya Machi: mia nne na thelathini.
Bado ni nyingi. Dirisha la ngazini linapuliza,
na Gus bado anaishuku mita.
Saa ya mayai imerudi kwenye mayai.
Hakuna aliyetamka samahani katika nyumba hii,
ila asubuhi nasikia maji bafuni,
dakika tisa, dakika kumi,
na Dorcas anapaka mkate siagi,
wala hageuki.